Mwaka wa Kuonja Maji

Zuhura alinipigia simu asubuhi, nikiwa naanika nguo nyuma ya nyumba yangu hapa Shangani, Mtwara mjini, akasema, "Anje, Mama katutoka." Mama yake ndiye Bi Somoe, aliyenilea mimi pia kwa mwaka mmoja. Nilipofika kijijini walikuwa wameshazika, maana Waislamu hawachelewi, na barabara ya kwenda mdomo wa Ruvuma ikinyeshewa haina haraka na mtu. Nilikaa mkekani na wanawake siku zote za matanga, nikamenya muhogo, nikapokea pole za watu ambao bado wananiita "mama hifadhi", ingawa nimestaafu na magoti yangu hayataki tena kusikia habari za tope. Mchana mmoja Zuhura akanishika mkono tukapita katikati ya mikorosho hadi ukingoni mwa maji. Pale palipokuwa na ardhi nyeupe iliyokufa, mikoko imesimama sasa, mirefu kuliko nyumba, na chini yake kuna giza na kaa wanaokimbizana. Nilipaswa kufurahi. Badala yake nilijikuta nikilamba midomo kutafuta chumvi, kwa woga uleule wa usichana. Watu huniuliza kazi ya hifadhi ilinifundisha nini, wakitegemea niwatajie majina ya miti. Kitu nilichojifunza kwanza kilikuwa kuogopa, na nilijifunza kwa mwaka mmoja, nyumbani kwa Bi Somoe.

Niseme mapema kwamba mimi ni mwoga wa kuzaliwa. Nilitoka Njombe, kwenye baridi na maji yanayoshuka mlimani yenyewe, nikaletwa Mtwara na cheti changu kipya cha misitu kuwa msaidizi katika hifadhi ya mikoko. Mkuu wetu, Bwana Mkude, alikuwa mtu mnene mwenye sauti ya upole aliyeishi mjini, Rahaleo, na familia yake. Alinipakia kwenye Land Rover, akanishusha mbele ya nyumba ya udongo iliyoezekwa makuti, akamwambia mwenye nyumba, "Mama, nakuachia binti yangu," akanywa maji, akaondoka. Mwenye nyumba ndiye Bi Somoe, mjane wa makamo, mwembamba, mwenye kanga mbili zilizofifia na macho yasiyokuacha. Akanitazama kuanzia kichwani mpaka kwenye viatu vyangu vya ngozi. "Viatu hivyo," akasema, "tope litavila leo." Siku ileile tope likavila. Nilizama mpaka mapajani kwenye mkono wa mto uliokauka kwa maji kupwa, nikapiga kelele kwamba nimeshikwa na mamba, na binti yake Zuhura, ambaye tulikuwa rika moja, akaja kunivuta huku akicheka mpaka machozi yakamtoka. Mguu wangu ulikuwa umeshikwa na mzizi tu. Kiatu cha kushoto kipo huko mpaka leo.

Katika chumba nilichopewa tulilala mimi, Zuhura na magunia ya korosho. Ulikuwa msimu wa kuokota, na harufu ya mabibo, matunda ya mkorosho, yaliyoanza kuchacha ilikuwa kwenye mashuka, kwenye nywele, hata kwenye ugali. Ugali wenyewe ulikuwa wa muhogo, laini, unateleza, na nilichukua muda kuuzoea. Lakini ming'oko, vile viazi vya porini, ya kuchemsha niliipenda tangu siku ya kwanza, na dagaa wa nazi wa Bi Somoe sijawahi kuwapata mahali pengine. Kuta za nyumba ile hazikufika kwenye paa. Kila neno lililosemwa sebuleni lilipanda juu ya ukuta na kushukia kwenye kitanda changu cha kamba. Mwanzoni nilifurahi kwamba sielewi Kimakonde, nikajiona sina cha kuogopa. Zuhura ndiye aliyenitoa ujinga. "Wakisema ya siri wanasema Kimakonde," aliniambia. "Ya kwako wanasema Kiswahili. Wanataka uyasikie." Tangu hapo kila Kiswahili kilichopita juu ya ukuta kilinitoa usingizi.

Kazi iliyonileta ilikuwa kwenye majaruba ya chumvi nyuma ya kijiji. Zamani palikuwa na mikoko. Tajiri mmoja aliikata yote, akajenga tuta refu kuzuia bahari, akakausha chumvi kwa miaka, kisha biashara ikamshinda akaenda zake na kuacha tuta likisimama. Ndani ya tuta hapakuota hata jani. Upepo wa mchana uliokota vumbi lile la chumvi na kulimwaga juu ya mikorosho wakati wa maua, na Bi Somoe alikuwa na mikorosho yake ya urithi palepale karibu. Hifadhi ilitaka kukata tuta sehemu kadhaa ili maji yaingie na kutoka kama zamani, na mbegu za mikoko zije zenyewe na mkondo. Bi Somoe ndiye aliyekuwa wa kwanza kukubali. "Mie nataka kamba wangu," alisema kwenye mkutano wa kijiji, na watu wakacheka, maana kila mtu alikumbuka kamba waliopatikana pale enzi za mama zao. Aliyekataa alikuwa kaka yake mkubwa, Mjomba Issa. Huyu kwa desturi za kule ndiye mwenye kauli katika nyumba ya dada yake, na sisi sote wa nyumba ile, hata mimi, tulimwita Mjomba. Alisimama polepole akauliza swali moja tu: mkiruhusu bahari iingie, kisima kitakuwaje?

Kisima hicho kilikuwa cha Bi Somoe. Alikichimba bibi yake, akamwachia mama yake, mama akamwachia yeye, kwa kuwa kule visima na mashamba hupita kwa wanawake. Kilikuwa kati ya nyumba na majaruba, hakina kina kirefu, na maji yake yalikuwa matamu ajabu ukizingatia ukaribu wa bahari. Nusu ya kijiji ilichota pale. Bwana Mkude alieleza kwamba hadhani kitadhurika. Watu hawakupenda "hadhani" yake. Hapo ndipo mwanamke mmoja akakumbusha desturi: kisima kikitiliwa shaka, mwenye kisima huonja kwanza mbele ya wenzake kabla mtu mwingine hajachota. Na Mjomba Issa akanyoosha kidole, kwa utulivu kabisa, hadi kilipofika kwangu. "Safari hii mwenye kisima atulie. Anayefungua bahari ndiye aonje." Kila mtu akaona ni haki. Mimi nilikuwa nimekaa nyuma kabisa, nakumbuka niliangalia kama kuna mtu nyuma yangu.

Tuta lilikatwa kwa mabeleshi siku ya maji kupwa sana, na maji yalipojaa yaliingia kwa sauti ya chini, yakatambaa juu ya ardhi nyeupe na kuifanya nyeusi. Wanawake walipiga vigelegele. Bi Somoe aliingia mpaka magotini, amekunja kanga, anacheka kama msichana. Nilipogeuka nikamwona Mjomba Issa amesimama peke yake, ameyapa mgongo maji, anaangalia upande wa kisima. Jioni yake sauti yake ikapita juu ya ukuta, kwa Kiswahili safi. "Maji yakigeuka, Somoe, hapa hapakaliki. Nakuhamishia Mtawanya kwa watoto wa marehemu dada. Na huyu ntoto wa watu, sijui tutamfanyaje." Nikasikia Bi Somoe anaweka sahani chini. "Kaka, mie siendi Mtawanya kuchota maji kwenye bomba la ntu. Hapa nimezaliwa, hapa mtanizika." Nilibaki na yale maneno ya mwisho ya Mjomba. Sikujua watanifanyaje, na kutokujua kulikuwa kubaya kuliko tishio lolote ambalo angelitaja.

Basi nikaanza kuonja. Asubuhi baada ya kila bamvua, maji ya bahari yanapojaa kupita kawaida, wanawake walinisubiri kisimani na ndoo zao, wamejipanga, hawasemi. Kabla ya kwenda nilipitia chooni, tena wakati mwingine nilirudi njiani nikapitia tena. Zuhura alinibandika jina la "Bibi Chooni", na nilimshukuru kwa utani wake, maana ulikuwa utani pekee niliokuwa nao. Bi Somoe alichota kwa kata ya kifuu, akanipa. Nilishika kata kwa mikono miwili. Nikanywa. Nikameza. Nikasema, "Matamu." Na wanawake wakaanza kuchota bila kunitazama tena, mazungumzo yakarudi, ndoo zikagongana, na mimi nikaenda kukaa nyuma ya mkorosho mpaka ndoo ya mwisho iondoke. Nilipokuwa na mashaka nilionja tena, nikapata chumvi, nikaonja mara nyingine, chumvi ikaondoka. Nilianza kuionja kila mahali, kwenye chai, kwenye mate yangu, hata kwenye maji ya mvua. Nilikuwa kijana msomi mwenye cheti, na nilichokitegemea kilikuwa ulimi mmoja ulioniasi.

Mvua za mwaka ule zilichelewa. Kiangazi kiliendelea, maji yakashuka kisimani, na kata ikaanza kukwaruza mchanga. Mjomba Issa aliona huruma. Nasema huruma kwa sababu nilimwona mwenyewe, nakumbuka alivyokuja asubuhi na wapwa zake, amejifunga shuka, anaimba. Walikomba kisima mpaka chini, kama walivyozoea kukisafisha kila kiangazi, ila safari hii hakuridhika. Alisema wachimbe zaidi, wafike kwenye maji ya akiba, ili hata bamvua kubwa ikija watu wawe na maji mengi matamu. Bi Somoe aliwapikia mbaazi za nazi na wali. Walichimba mpaka mchanga wa kijivu ukatoka, maji yakabubujika mengi kweli, na kaka mtu akatoka shimoni amelowa, meno yote nje. Tulishangilia sote. Mimi nilishangilia kuliko wote, kwa kuwa nilidhani sasa nimepona.

Bamvua iliyofuata ilikuwa kubwa. Asubuhi yake nilipewa kata, nikanywa, na mara hii hapakuwa na haja ya kuonja tena. Ilikuwa chumvi iliyokaa kwenye ufizi. Nilimeza. Nilitazama zile nyuso na ndoo na watoto waliobebwa migongoni, nikaanza kuwahesabu. "Sema, mwanangu," Bi Somoe akasema. Nikasema, "Yana chumvi." Yeye akachukua kata mkononi mwangu, akaonja, akatema pembeni, akaipindua kata juu ya ukingo wa kisima. Mwanamke aliyekuwa mbele ya mstari aliweka ndoo yake chini akajishika kichwa kwa mikono miwili. Hakuna aliyenitukana, na ningefurahi kama wangenitukana. Walibeba ndoo zao tupu wakaondoka mmojammoja, na kila aliyepita karibu yangu alivuta kanga yake isiniguse.

Nilirudi chumbani nikakaa juu ya magunia, nikaanza kukunja nguo zangu. Nje nilisikia wanaume wanaitana, nikasikia vyuma vya mabeleshi vinagongana, nikajua wanakwenda kuziba tuta. Nilitaka kukimbia, lakini kwenda Mtwara mjini kwa miguu kulihitaji kupita katikati ya kijiji, na sikuwa na moyo huo. Zuhura akaingia. "Amekuja bosi wako kukagua tuta. Twende." Nikakataa. Akanivuta kama alivyonivuta kwenye tope. Tulipofika, Bwana Mkude alikuwa amesimama juu ya tuta, wanaume wamemzunguka, na jasho limemlowesha shati zima. Akauliza kisima kimekuwaje, wakamwambia. Akauliza kama kimeguswa karibuni, wakamwambia kimechimbwa. Kisha akaeleza kwa ile sauti yake ya upole kwamba pwani maji matamu hukaa juu na ya chumvi hukaa chini yake, na anayechimba sana huyafikia yale ya chini. "Nadhani chumvi imetoka chini," akasema, "haikupita kwenye tuta."

"Unadhani?" akauliza Mjomba Issa.

"Nadhani, mzee wangu."

Watu wakaguna. Mjomba hakuguna. Alishusha beleshi lake mpaka likagusa ardhi, na uso wake ukabadilika mbele ya macho yetu. "Kwa hiyo mie," akasema, "mie ndiye niliyeharibu kisima cha bibi yangu?" Bwana Mkude akainamisha kichwa, na yeyote aliyekuwa pale alijua kwamba jambo limeshakuwa baya zaidi. Sasa mtu mzima alikuwa ameaibishwa mbele ya wapwa zake, na lazima mtu mmoja awe mwongo. Mikono iliyoshika mabeleshi ilianza kukaza. Niliona kwa macho yangu mshipa ukipiga shingoni mwa kijana aliyesimama karibu nami. Nilifikiri, leo wanatuua, na nitakufa nina kiatu kimoja.

Bi Somoe alipenya katikati yao. Hakupandisha sauti. Alisema kisima ni chake, na neno la kukubali tuta likatwe lilikuwa lake, kwa hiyo wamsikilize. Mchanga urudishwe kisimani mpaka kufikia kina alichokiacha bibi yake. Kifunikwe kwa mbao, asiguse mtu, wala asionje mtu, mvua zinyeshe. "Siku ya kwanza ya Ramadhani tunafunua. Yakiwa matamu, tuta linabaki wazi na kaka yangu hajakosa kitu, kisima kimepona. Yakiwa na chumvi, nitaziba tuta kwa mikono yangu mwenyewe, na Mtawanya nitakwenda." Mjomba Issa alimtazama dada yake kwa muda mrefu. Akaitikia kwa kichwa. Bwana Mkude akaniambia nipande gari turudi mjini, na nilikuwa nimeshainua mguu. "Huyu anabaki," Bi Somoe akasema. "Akiondoka leo, watu watasema hifadhi wamekimbia, na nitabaki na aibu peke yangu." Nilishusha mguu. Sijawahi kushusha mguu mzito kama ule.

Miezi iliyofuata tulichota maji mbali, kwenye chemchemi ng'ambo ya mashamba ya muhogo, tukiondoka na giza la alfajiri na kurudi jua limepanda. Sikujua kubeba ndoo kichwani, nikafika nyumbani kila siku nimelowa na ndoo nusu. Wanawake wa njiani hawakunisalimu. Mvua zilipoanza zilinyesha kwa hasira, njia ikawa mto, nasi tukaenda vilevile. Jioni moja tulikuwa tunakula, jiwe likatua juu ya makuti, likabingirika, likaanguka uani. Nilibaki na tonge mkononi. Bi Somoe aliendelea kutafuna. "Bibo limeanguka," akasema. Msimu wa mabibo ulikuwa umepita zamani. Zuhura aliniangalia, nami nikamwangalia, tukala. Niliamini wakati ule kwamba mama yule hana woga mwilini mwake. Niliamini watu wazima wote wako hivyo, kwamba unafika umri fulani woga unakuacha, na nilikuwa nangoja kwa hamu nifike huo umri. Wakati huohuo, ndani ya tuta, mbegu za mchu, aina ya mkoko, zilikuwa zimeanza kuingia na maji, zikakwama kwenye tope, zikatoa majani mawilimawili. Nilizikuta siku moja nikichunguza tuta peke yangu. Zilikuwa nyingi, ndogo, kijani kibichi. Sikumwambia mtu. Niliogopa kuzipenda.

Mwezi ukaandama. Kijiji kizima kilikuwa na shamrashamra, watu wakala daku, na asubuhi yake tukakusanyika kisimani. Mvua ilikuwa imekatika, mbingu imefunga. Wapwa wakaondoa mbao. Maji yalikuwa juu, meusi, yametulia. Bi Somoe akachota kwa kata. Akaishika. Na hapo ndipo tulipogundua kosa letu, sote kwa pamoja, nadhani, kwa sababu kila aliyeinua ndoo aliishusha. Siku ya kwanza ya Ramadhani, na kila aliyesimama pale amefunga. Miezi yote ile tuliihesabia siku hii, na hapakuwa na hata mmoja aliyefikiri kwamba katika siku hii hakuna mtu mzima kijijini anayeweza kunywa maji. Wazee walitazamana. Mtu mmoja akacheka kidogo, akaacha. Kisha macho yote yakaja kwangu, Mkristo pekee pale.

Nilipokea kata. Nilijua kwamba nikisema matamu, watasema naitetea kazi yangu. Nikisema chumvi, Bi Somoe ataziba tuta leo na kuhama, na ile mimea midogo itakufa. Nilikunywa kidogo, nikakaa nayo mdomoni. Ulimi wangu haukuniambia kitu. Nilikunywa tena. Nilisikia ubaridi, nilisikia kifuu, lakini chumvi au utamu sikusikia. Miezi ya hofu ilikuwa imeumaliza ulimi. Machozi yakanitoka mbele za watu. "Sijui," nikasema. "Wallahi sijui." Ndiyo, niliapa Kiislamu, na hata hilo halikumchekesha mtu. Mjomba Issa alifumba macho. Bi Somoe akachukua ndoo, akaijaza, akajitwisha. "Basi tutafuturu nayo," akasema, na akatangulia nyumbani.

Siku ile haikuisha. Nilijaribu kula muhogo wa jana peke yangu chumbani, nikaishia kuwatupia kuku. Bi Somoe alichambua mbaazi, akakuna nazi, akakaanga dagaa, akaweka maji ya kisima kwenye sufuria ya chai, na hakuniambia neno. Jikoni moshi ulijaa kwa kuni zilizolowa. Niliposogea kusaidia alinipa kazi za mbali, kafagie uani, kaangalie kuku. Alasiri watu walianza kupita mbele ya nyumba bila shughuli yoyote, wanapunguza mwendo, wanaangalia moshi wetu, wanaendelea. Kabla ya magharibi Mjomba Issa alikuja na wapwa, wakakaa mkekani kibarazani. Yeye hakufungua kwa uji kama wengine. Tangu ujana wake alifungua kwa chai ya rangi, na kila mtu alilijua hilo. Mimi nilijibanza nyuma ya mlango na Zuhura, tumeshikana mikono, mikono imelowa. Adhana ikasikika. Bi Somoe akamimina kikombe, akakipeleka mwenyewe kwa mikono miwili, akakiweka mbele ya kaka yake, akarudi jikoni bila kungoja.

Mjomba Issa alisema bismillah. Akanywa. Alikaa na kikombe mdomoni kuliko inavyopasa. Kibarazani hakuna aliyegusa chake. Kisha akakishusha, akatazama ndani yake, akakohoa.

"Somoe!" akaita. "Chai hii haina sukari kabisa! Au mnataka nifunge na usiku?"

Sijui nani alianza kucheka. Wapwa walicheka, mtu aliyekuwa njiani alicheka, Zuhura aliniangukia shingoni akipiga kelele, na mimi nilikuwa nalia huku nacheka na kamasi zinanitoka. Mjomba alinywa tena, akanyoosha kikombe kiongezwe. Nikakimbilia jikoni kumwambia Bi Somoe, kana kwamba hakusikia. Jikoni hakuwepo. Nilimkuta nyuma, ameegemea ukuta wa nje, amekalia kinu, na mikono yake inamtetemeka mpaka bangili zinagongana. Nilipiga magoti mbele yake nikaishika. Ilikuwa baridi.

"Ni matamu, mama," nikamwambia. "Amesema ni matamu."

"Nimesikia."

"Si ulijua? Umepika nayo mchana kutwa. Zuhura kaniambia mpishi anaruhusiwa kuonja kwa ncha ya ulimi hata akifunga."

"Anaruhusiwa."

"Sasa mbona hukuonja?"

Alinitazama na yale macho yake yasiyokuacha, safari hii yakaniacha, yakaangalia chini kwenye mikono yetu.

"Niliogopa, Anje," akasema. "Hata sukari niliogopa kuionja kama imetosha." Kisha akajipangusa uso kwa pindo la kanga, akainuka. "Haya, mpelekee mjomba wako sukari, anangoja."